Shati Juu ya Shati

Jumapili mchana, ukipita soko la Kibuye baada ya ibada, utaona jinsi sisi watu wa Kisumu tunavyonunua mitumba. Hakuna chumba cha kubadilishia nguo. Ukipenda shati unalivaa juu ya lile ulilokuja nalo, unanyoosha mikono, na muuzaji anakuapia kwamba limekukaa kana kwamba lilishonwa kwa kipimo chako. Unalipa. Wengine huondoka nalo hivyo hivyo mwilini, shati juu ya shati, katika joto hili letu la ziwani.

Nimefundisha madarasa ya ubatizo mjini hapa kwa miaka 14, na karibu muda wote huo nimekaa na watu wanaotaka kuacha jambo fulani: pombe, kubeti, matusi, ngumi za nyumbani. Kila nikifika Waefeso sura ya 4, Kibuye hunijia machoni. “Mvue kwa habari ya mwenendo wa kwanza utu wa zamani,” Paulo anaandika, “na mfanywe wapya katika roho ya nia zenu, mkavae utu mpya.” Vua, fanywa upya, vaa. Huwa naviandika vitenzi hivyo ubaoni na kuliuliza darasa kipi ndicho kigumu. Karibu wote hujibu kuvua. Miaka ya mwanzo hata mimi ningejibu hivyo.

Katika Kigiriki alichoandika Paulo, kuvua na kuvaa vimetajwa kama tendo moja zima, kama mtu anavyovua koti na kulitundika. Kile cha katikati kimewekwa tofauti: ni tendo linaloendelea, tena ni la kutendewa. Hujifanyi upya, unafanywa, leo na kesho na mtondo. Ndiyo maana mtu anaweza kuokoka kwenye kesha saa sita usiku, machozi ya kweli kabisa, akaamka asubuhi na ulimi ule ule wa jana. Wokovu wake si wa uongo. Ila yuko siku ya kwanza ya kitenzi cha pili.

Na neno lenyewe la kuvua ni lile lile linalotumika Matendo 7:58, pale mashahidi waliompiga Stefano kwa mawe walipoweka nguo zao miguuni pa kijana mmoja aliyeitwa Sauli. Sijengi fundisho juu ya hilo. Lakini nikikumbuka kwamba anayetuambia tuvue aliwahi kukaa akilinda nguo zilizovuliwa ili mtu auawe, sauti hunipungua kidogo darasani.

Sasa nije kwa kijana wa bodaboda. Nimebadilisha mambo kadhaa ya habari yake, na mwenyewe ameniruhusu niisimulie. Alikuja kwangu jioni moja, kofia ngumu mkononi.

“Bwana asifiwe, Pasta.”

“Amina, kijana wangu. Keti.”

Hakuketi. “Pasta, mimi nimeombewa mara nne. Nimefunga, nimepakwa mafuta. Na Jumamosi nimeweka mkeka wa kubeti tena. Elfu mbili. Pesa ya nyumba.”

“Huwa unaweka saa ngapi?”

Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akaletewa chumvi. Alitarajia nimwekee mikono kichwani. Lakini alifikiri, akasema ni kati ya saa nane na saa kumi, pale kijiweni Kondele, abiria wakiwa wamepungua, jua likiwa kali, na wenzake wote wameinamia simu. Asubuhi habeti. Akiwa na abiria habeti. Akiwa nyumbani na mama watoto habeti.

Basi tulikuwa tumeshapata nusu ya jibu. Zoea lina mlango wa kuingilia: saa fulani, mahali fulani, watu fulani. Kisha lina tendo lenyewe. Kisha lina kile linachokulipa, maana hakuna mtu aliyeshikwa na zoea lisilompa kitu. Wahubiri wenzangu hapa huwa tunateleza, kwa sababu tunapenda kusema dhambi haina faida. Ingekuwa haina faida yoyote ingeachwa na kila mtu kufikia Jumatano. Kijana yule alikuwa anapata vitu viwili kwa mkeka wake: kampuni ya wenzake, na saa mbili za kutumaini kwamba maisha yake yanaweza kuwa tofauti kabla ya giza kuingia. Ukimwondolea hayo mawili bila kumpa kitu, umemwachia nyumba iliyo tupu. Yesu alishasema kuhusu nyumba hiyo katika Mathayo 12: pepo anarudi na kuikuta “tupu, imefagiwa na kupambwa”, anaenda kuchukua wenzake saba. Kosa la nyumba ile si uchafu. Ilikuwa safi. Haikuwa na mtu ndani.

Mtazame Paulo anavyomshughulikia mwizi, Waefeso 4:28. “Mwibaji asiibe tena.” Mimi ningeweka nukta hapo na kuita wimbo. Yeye anaendelea: bali afanye juhudi, akitenda kazi kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Mikono ile ile, sasa ina kazi. Tamaa ile ile ya kushika mali ya mtu imegeuzwa kuwa hamu ya kumpa mtu mali. Kwa Paulo, mwizi ameacha wizi siku anapotoa. Kabla ya hapo ni mwizi aliyepumzika.

Tulichofanya na kijana wangu hakikuwa kikubwa. Saa nane, kabla simu haijatoka mfukoni, alianza kutuma shilingi 100 kwa mama yake Ahero, ambaye aliziingiza kwenye chama chake cha kina mama. Zilikusudiwa karo ya mdogo wake. Tumaini lake likapata pa kukaa, nalo la sasa linaweza kuhesabiwa. Kuhusu kampuni, tulipata wawili pale pale kijiweni waliokuwa wamechoka kama yeye, wakawa wanapigiana simu kila Jumamosi. Hiyo saa ya Jumamosi ndiyo ibada yao ngumu kuliko zote.

Wiki ya tatu akaanguka.

Hapa ndipo lazima nikiri kosa letu. Kanisa nililokuwa nikihudumu wakati huo lilikuwa na mpango wa siku 21 za kufunga ili “kuvunja mazoea”, na mimi mwenyewe ndiye niliyechapisha kadi zenye viboksi 21 vya kuwekea alama. Tuliutegemeza kwa Danieli sura ya 10. Ukiisoma polepole utaona kwamba Danieli katika majuma yale matatu alikuwa akiomboleza na kutafuta ufahamu. Hakuna tabia aliyokuwa akijaribu kuiacha. Nambari hiyo 21 katika habari za mazoea ina mzazi mwingine kabisa: Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno “angalau” likadondoka njiani. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya, wakiongozwa na Phillippa Lally, walikuta muda wa kati ni siku 66, na makadirio yao yalianzia siku 18 hadi 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi yote.

Sasa fikiria watu wetu na zile kadi. Siku ya 22 inafika, kiu bado ipo. Mtu anahitimisha nini? Kwamba Mungu amemkataa, au kwamba ana laana ya ukoo inayohitaji maombi mengine, pengine na sadaka nyingine. Nimewaona wakizunguka hivyo kutoka hema moja hadi jingine, Manyatta mpaka Nyalenda. Kanisa la kale halikuwa na haraka hiyo. Katika maelekezo yanayonasibishwa na Hipoliti, mwalimu wa kanisa la kale la Roma, aliyeandaliwa kwa ubatizo alifundishwa miaka 3, na maelekezo hayo yanaongeza kwamba kwa mwenye bidii kinachoangaliwa si muda bali mwenendo. Huko Yerusalemu, karne ya 4, walimtazamisha mtu magharibi akamkana Shetani kwa kinywa chake, wakamvua nguo zote, wakamzamisha mara tatu. Wale hawakuvaa shati juu ya shati.

Kwa hiyo nilipopigiwa simu ile ya wiki ya tatu sikumwanzisha moja upya. Nilimwuliza saa ngapi, wapi, na nani. Ilikuwa siku ya mvua. Hakuna abiria tangu asubuhi. Tulikuwa hatujaifikiria mvua.

Mawili ya haraka. La kwanza: aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi asiachishwe ghafla kwa kufungiwa kwenye chumba cha maombi. Kuna wanaotetemeka, wanaoona vitu visivyokuwepo, wanaopata kifafa, na wanaoweza kufa. Mpelekeni hospitali, hata pale Russia, kama tunavyoiita hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi, kisha mumwombee kitandani. La pili: utu wa kale si Ujaluo wako wala Uluhya wako. Wazee wetu waliambiwa waache ngoma, ala za nyuzi na majina ya nyumbani, na wengi wakaacha hayo huku wakibaki na uongo na hasira. Orodha ya Paulo katika sura hii haina ngoma hata moja.

Inaanza na uongo, na hapa nitataja utu wangu mwenyewe. “Basi uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake.” Kwa Wakolosai pia ameunganisha kuvua utu wa kale na “msiambiane uongo”. Mimi sibeti wala sinywi. Zoea langu lilikuwa “niko njiani”. Mtu akinipigia kuuliza nimefika wapi, nilikuwa Mamboleo, mtaa wa hapa Kisumu. Nikiwa kitandani, niko Mamboleo. Nikitafuta soksi, Mamboleo, na jamu ni mbaya. Nilimcheka mtu yeyote aliyeita hiyo dhambi, mpaka mke wangu akaniuliza mbele ya watoto kama ile Mamboleo imehamia chumbani.

Mlango wake niliujua haraka: aibu. Kulikuwa na kitu nilicholipwa, nacho ni dakika 20 za kuonekana mtu makini. Wale ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uliofika Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1930, waliita dawa yake kutembea nuruni. Walikutana, wakataja kosa kwa jina lake, na aliyeiba jembe akalirudisha kwa mwenyewe. Sina jembe la kurudisha, lakini nilimwambia yule kijana wa bodaboda habari za Mamboleo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo ameteuliwa, au kajiteua, kunikagua.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika tano simu ikalia.

“Pasta, umefika wapi?”

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kwa herufi M.

“Nyumbani,” nikasema. “Hata viatu sijavaa.”

“Sawa,” akasema. “Nakuja kukuchukua.”