Je, sanaa ni lazima iwe kitu cha kushikika?

Hapa Lamu, ambapo fundi wa nakshi huinamia ubao wa mbambakofi kutwa nzima, patasi mkononi, wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sanaa ni kitu kilichofanywa na mkono wa msanii mwenyewe, na kwamba pasipo kitu hicho hapana sanaa. Imani hiyo ina mashiko, lakini haienei katika sanaa ya dhana, mkondo uliostawi Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1960, ambao huhesabu wazo kuwa ndilo kazi yenyewe. Baadhi ya michoro yake ya ukutani huuzwa kama karatasi ya maelekezo pamoja na cheti: wasaidizi huichora, maonyesho yakiisha ukuta hupakwa rangi, kisha mchoro ule ule huchorwa kwingine bila kuitwa nakala. Utendi nao (mfano huu ni wangu) hunakiliwa na waandishi wengi ukabaki ule ule. Anayetaka kuhakikisha na asome kibandiko kilicho kando ya kazi, kisha aulize mnunuzi hukabidhiwa nini hasa. Kuipenda au kutoipenda ni shauri jingine.