Droni: tunayoambiana na yalivyo

Msimu wa harusi ukianza, simu yangu hujaa swali moja: "Kaka, utakuja na ile ndege nyuki?" Wanamaanisha droni ninayopigia picha. Nikisema ukumbi uko jirani na uwanja wa ndege na kibali hakijatoka, jibu huwa lile lile: "Aah, dakika tano tu, nani atajua?" Wengine nao wakiiona begani hushika mlango wakidhani nimekuja kuwachungulia. Wapenzi wa droni wana uzushi wao, na wanaoichukia wana wao. Naanza na unaonisumbua zaidi.

"Mimi silipwi, sheria hainihusu"

Hili halikuzuka tu. Marekani ndiko lilikopata miguu. Kwa miaka mingi kule, aliyerusha kwa kujifurahisha alifuata miongozo ya wachezaji wa ndege za mfano, na aliyerusha chombo hicho hicho, juu ya shamba hilo hilo, kwa malipo, alihesabiwa mkosaji mpaka apewe ruhusa maalumu. Mwaka 2011 Raphael Pirker alirusha kindege cha povu juu ya Chuo Kikuu cha Virginia kupiga video ya tangazo. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, ikamtoza dola 10,000. Machi 2014 jaji akaifuta faini, kwa hoja kwamba kile si ndege kwa maana ya kanuni alizoshtakiwa nazo. Novemba mwaka huo bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, ikaipindua hukumu: ni ndege, awemo mtu asiwemo. Januari 2015 wakamalizana kwa dola 1,100 bila yeye kukiri kosa.

Watu wengi walibaki na kipande kimoja tu cha kesi ile, kwamba tatizo lilikuwa hela. Ndiyo maana hadi leo mpiga video wa harusi anakwambia, "Bwana harusi ni rafiki yangu, sikumtoza." Mapanga ya droni hayana habari ya risiti. Yakimkata bibi harusi usoni, yatamkata vile vile ukiwa umelipwa au umekuja kula pilau tu.

Kanuni za sasa, katika nchi nyingi, zimehama kutoka kwenye mfuko wa rubani na kuhamia kwenye hatari yenyewe: nani yuko chini ya droni, na nani anapita juu yake. Ulaya wanagawa safari katika makundi matatu kwa kiwango cha hatari. Kenya, kwa kanuni zake za 2020, inafanya hivyo hivyo kwa A, B na C, na anayerusha kwa burudani naye anatakiwa kusajili chombo chake kwa mamlaka ya anga, KCAA. Tanzania ina kanuni zake za 2018 chini ya mamlaka yake ya anga, TCAA, na juu ya hapo ruhusa ya Wizara ya Ulinzi. Hakuna mlango wa pembeni wa "najifurahisha tu".

Nikubali hata hivyo kwamba hela ina uzito wake. Anayelipwa hushawishika kupaa upepo ukiwa umechafuka, kwa sababu mteja kasimama pale anaangalia saa. Ila asiyelipwa naye ana mteja wake, tena mkali zaidi: "laiki" za mtandaoni.

"Yangu ina gramu 249"

Namba hii watu wanaitaja kama hirizi. Imetoka Marekani na Ulaya, ambako gramu 250 ni mpaka wa usajili, na hata huko haisemi wanachodhani inasema. Marekani, chombo cha chini ya uzito huo hakisajiliwi iwapo ni cha burudani tu; kikiingia kazini kinasajiliwa. Ulaya, kikiwa na kamera na si cha kuchezea watoto, mwenyewe anajisajili hata kiwe chepesi namna gani. Na kote kuwili, kukaribia uwanja wa ndege bila ruhusa ni kosa hata kwa kilicho chepesi kama karatasi.

Ukishuka Zanzibar au Nairobi na kidroni hicho kwenye begi, maandishi ya kwenye boksi hayakusaidii kitu mbele ya ofisa wa forodha. Vibali vinashughulikiwa kabla ya safari.

"Ndege kubwa itakipangua kama mbu"

Tarehe 9 Januari 2025, Los Angeles ikiwaka moto, ndege ya kuzimia moto iliyokodiwa kutoka Quebec, Kanada, ilikuwa inachota maji na kuyamwaga. Mtu mmoja akapandisha droni kutoka jengo la maegesho kule Santa Monica aone moto ulipofika. Ikaenda mbali, akapoteza kuiona. Ikagonga bawa la ndege ile na kutoboa tundu la kiasi cha sentimita 7 kwa 15. Ndege ikatua salama, lakini ikakaa chini siku kadhaa wakati nyumba zinateketea.

Watu hulinganisha droni na ndege wa porini, wakisema mbona kunguru hugongwa kila siku. Kunguru ni nyama na manyoya, hupondeka. Droni ina mota za chuma na betri iliyoshindiliwa, vitu vinavyopenya. Utafiti ulioagizwa na FAA na kutolewa mwishoni mwa 2017 ulionyesha hilo: kwa uzito ule ule, droni huharibu zaidi ya ndege wa porini.

Upande wa pili nao hutia chumvi. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulifungwa mara kwa mara kati ya tarehe 19 na 21 kwa taarifa za droni. Safari zipatazo 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 wakakwama Krismasi ikikaribia. Mume na mke wakakamatwa, wakaachiwa bila shitaka. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Miaka miwili nyuma yake, rubani aliyekuwa akitua Heathrow aliripoti kugongwa na droni. Uchunguzi haukupata kitu, na serikali yenyewe ikasema huenda ulikuwa mfuko wa plastiki.

"Ikipotea, itarudi yenyewe"

Hapa naongea kama mtu aliyeumia. Kitufe cha kurudi nyumbani kinafanya kazi, tatizo ni maana ya "nyumbani". Droni hukariri mahali ilipopaa kwa satelaiti. Haikukariri wewe.

Siku moja, upande wa Nungwi, nilipaa kutoka kwenye ngalawa. Bahari shwari, mteja anataka tanga likionekana kutoka juu. Nikapiga picha zangu vizuri, chaji ikashuka, nikabonyeza kurudi nikitazama kioo cha rimoti kwa raha zangu. Ilirudi kweli. Ikaja mpaka pale tulipokuwa dakika kumi na tano nyuma, ikasimama juu ya maji matupu, ikaanza kushuka taratibu kwa adabu zote, sisi tukiwa tumeshachukuliwa na mkondo mita mia na zaidi. Nahodha akaniuliza, "Na hiyo inakwenda kuoga?" Nikashika usukani wa vidole ikiwa imebakiza mita mbili juu ya maji. Siku hizi, nikiwa baharini, rimoti naibadilisha ikubali nyumbani ni mahali nilipo mimi, na naipokea kwa mkono.

Upepo nao una ujanja wake. Kaskazi ikivuma, droni inakwenda kusini kama imesukumwa, betri inaonyesha umetumia kidogo, unafurahi. Kurudi ni kupanda mlima. Hizi ndogo za kukunja zinavumilia upepo wa kama mita 10 kwa sekunde, na ule unaousikia chini mchangani sio ule ulioko juu ya minazi. Kanuni yangu ni kwenda kwanza kunakotoka upepo, kazi ngumu nimalize betri ikiwa imejaa.

Na minazi yenyewe: kama kimo cha kurukia wakati wa kurudi umekiacha mita 20 na mnazi una 25, droni itarudi nyumbani kupitia kwenye makuti.

"Programu imeniruhusu kupaa"

Septemba 2017, karibu na Staten Island, New York, droni iligongana na helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk. Mwenye droni alikuwa kilomita kama 4 kutoka pale, hakujua hata kama kumetokea ajali mpaka wachunguzi walipomfikia kwa namba iliyosomeka kwenye kipande cha mota kilichonasa ndani ya helikopta. Alikuwa akirusha kwa burudani, na aliitegemea programu ya kwenye kifaa chake imwambie kama kuna katazo.

Programu ile ni ya mtengenezaji. Serikali haikuiandika. Wengi hawana habari kwamba Januari 2025 DJI, kampuni inayouza droni nyingi kuliko zote, iliondoa Marekani kufuli lililokuwa linazuia droni kupaa karibu na viwanja vya ndege, ikabakiza onyo tu. Kufuli limeondoka, katazo liko pale pale.

Piga hesabu ya Nairobi. Kanuni za Kenya zinataka kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa na 7 kutoka vidogo, usipokuwa na idhini. Ukichora duara la 7 tu kuzunguka uwanja wa ndege wa Wilson, Kibera imo, Kilimani imo, katikati ya jiji imo. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao uko jirani kabisa na uwanja wa Kisauni.

Wanaoniuliza kwa nini futi 400, yaani mita 120: ndege za kawaida, zikiwa mbali na kutua na kupaa, hukaa futi 500 na kwenda juu. Hizo futi 100 za katikati ni nafasi ya kukosea. Lakini helikopta ya wagonjwa au ndege ya kunyunyizia dawa haijali futi 500, inashuka pale ulipo wewe. Ukisikia ngurumo, shuka kwanza.

"Anga ya juu ya kiwanja changu ni yangu, nitaitungua"

Mfugaji wa kuku wa North Carolina alikwenda mbali na hoja hii. Ndege za jeshi zilipita juu ya ardhi yake futi 83 tu, kuku wakajigonga ukutani kwa woga wakafa. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Causby, ikasema ile kanuni ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni haina nafasi tena, ila ikasema anastahili fidia, kwa kuwa zilipita chini kiasi cha kumzuia kuitumia ardhi yake. Mpaka upo, basi, lakini haulindwi kwa gobori wala manati. Risasi inayokwenda juu hurudi, na droni iliyotunguliwa huangukia mtu. Piga picha, andika saa, nenda polisi.

"Zote hizo ni za kupeleleza"

Kamera ya kawaida ya droni ina lenzi pana. Ikiwa mita 120 juu, picha moja inabeba upana wa karibu mita 180, na hata kwa video ya 4K kila nukta inabeba kama sentimita 5 za ardhi. Mabega yako ni nukta kumi. Sura haimo kabisa.

Sisemi hofu ni ya bure. Zipo zenye lenzi ya kuvuta vya mbali karibu, na ile inayosimama mita 8 nje ya dirisha lako haikufuata mandhari. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, Tanzania ya 2022, na zinahusu picha ya mtu anayetambulika, hata aliyeipiga asiposhika kamera mkononi.

"Sheria ndizo zinazoirudisha nyuma Afrika Mashariki"

Urasimu upo, simtetei mtu. Lakini tazama Kenya: kanuni zilitangazwa 2017, Bunge likazifuta 2018, na hadi 2020 hapakuwa na nyingine. Hakuna aliyepata uhuru katika miaka ile. Droni zilishikwa mipakani na wenye kazi walirusha kwa kujificha. Rwanda iliandika zake mapema, na Oktoba 2016 kampuni ya droni ya Zipline ikaanza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga.

Zanzibar mwaka huo huo ilianza kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, wanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA wakiwa marubani. Mwaka 2018 droni ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya Ziwa Viktoria kwa dakika 40, wakati kwa barabara ni kilomita 240. Mwaka 2019 droni zilinyunyizia mabonde ya mpunga ya Cheju, Unguja, kimiminika cha kuua viluwiluwi vya mbu. Kazi zote hizo zilifanywa kwa vibali.

"Porini hakuna watu, kwa hiyo hakuna madhara"

Watalii huniambia hivi wakikasirika kuwa hifadhi hazitaki droni zao. Tembo anaogopa nyuki, na mlio wa mapanga unafanana na wa nyuki. Hilo limetumiwa vizuri: kandokando ya Tarangire na Serengeti, na kule Mara, Kenya, askari wa wanyamapori wamewafukuza tembo kutoka kwenye mahindi ya watu kwa droni, bila baruti na bila mtu kukanyagwa. Sauti hiyo hiyo, mtalii akiipandisha ili apate picha ya jike na ndama wake wakinywa maji, inawafukuza kutoka mtoni. Na yeye akiwa hotelini akikata video, tembo wale wameshakimbilia upande wenye mashamba.