Makofi Katikati ya Simfonia na Dhana Nyingine Kuhusu Okestra

Wengi huamini kwamba anayepiga makofi sehemu moja ya simfonia (utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa) inapokwisha, kabla ya nyingine kuanza, anawakosea heshima watunzi wa karne ya 19. Watunzi wenyewe wangelishangaa. Simfonia ya Tisa ya Dvořák ilipopigwa rasmi kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 16 Desemba 1893, hadhira ilishangilia kila sehemu ilipomalizika, na mtunzi, aliyekuwa ameketi miongoni mwa wasikilizaji, ilimbidi ainuke kuitikia salamu hizo. Naye Brahms, akiwa mgonjwa mahututi huko Vienna mnamo Machi 1897, alishangiliwa vivyo hivyo katika Simfonia yake ya Nne, majuma machache tu kabla hajafariki. Lililomtia uchungu Brahms lilikuwa kinyume chake: mjini Leipzig, mwaka 1859, wachache waliojaribu kuipigia makofi Konseto yake ya Kwanza ya piano (utungo wa piano ikiambatana na okestra) walizimwa kwa mizomeo.

Hata hivyo, ni kosa pia kudai kwamba hakuna mtunzi wa zama hizo aliyetaka kimya. Mendelssohn aliagiza sehemu za Simfonia yake ya Tatu, ya mwaka 1842, zifuatane bila kituo. Anayekwenda ukumbini leo afuate desturi iliyopo, yaani asubiri mpaka kiongozi wa okestra ashushe mikono. Na ajihadhari hasa na Simfonia ya Sita ya Tchaikovsky, ambayo sehemu yake ya tatu huisha kwa kishindo cha kumwinua mtu kitini, ilhali bado ipo ya nne, ya polepole na ya huzuni, inayofifia hadi kutoweka kwenye selo na besi, ala za nyuzi zenye sauti nzito.

Dhana ya pili inahusu ile sehemu ya polepole ya simfonia ya Dvořák, ambayo husemwa kuwa ni wimbo wa kidini wa Wamarekani Weusi. Ni kweli kwamba Dvořák alizipenda nyimbo hizo na kwamba Harry Burleigh, mwanafunzi Mweusi wa chuo alichokiongoza, alimwimbia mara nyingi. Lakini sauti ile aliitunga mwenyewe. Maneno ya kuiimba yaliongezwa na William Arms Fisher, mwanafunzi wake wa zamani, mwaka 1922, muda mrefu baada ya mtunzi kufariki.

Wapo pia wanaodhani kwamba mwanamuziki aliyekaa kimya hana kazi. Katika simfonia hiyohiyo, tuba, ala kubwa ya shaba ya kupuliza, husikika katika sehemu ya pili pekee, na matoazi hupigwa mara moja tu, katika sehemu ya mwisho, tena kwa upole. Karatasi ya mpiga matoazi huonyesha zamu yake peke yake, kwa hiyo huhesabu mapigo akiwa kimya, huku kiongozi, mwenye kitabu kinachoonyesha ala zote kwa pamoja, akimpa ishara wakati wake ukiwadia.