Data si imesimbwa? Cheti cha nini tena?

Mwezi huu nimeulizwa hivyo na mteja wa tatu, huku kwenye skrini yake mstari wa programu unasomeka verify=False, yaani usikague cheti, kile kitambulisho ambacho seva huionyesha programu inapounganisha.

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote. Kusimba kunawazuia wapita njia wasisome. Hakukwambii unaongea na nani. Ukizima ukaguzi wa cheti, mwizi aliyejipachika katikati, tuseme kwenye Wi-Fi ya mkahawani, anakuletea cheti alichojitengenezea dakika mbili zilizopita. Programu inakipokea bila swali, na nenosiri linasafiri likiwa limefungwa barabara hadi mikononi mwake.

Kisingizio ni kilekile: "Ilikuwa ya majaribio tu." Seva ya majaribio ilileta kosa la cheti, mtu akazima ukaguzi, mstari ukahamia kwenye mfumo wa malipo. Jamani, kama cheti mmejitengenezea wenyewe, kiongezeni kwenye vyeti vinavyoaminiwa na programu. Kukiongeza ni mstari mmoja tu.

"Sisi hatujazima kitu." Pengine, lakini mmeandika nini? Lugha ya Python kabla ya toleo 2.7.9 la Desemba 2014, maktaba inayokuja nayo haikukagua cheti chochote usipoiagiza. Kwa PHP, lugha nyingine ya programu, mambo yalichekesha zaidi. Watu waliupa mpangilio wa kukagua jina la seva, CURLOPT_SSL_VERIFYHOST, thamani ya true (ndiyo) wakidhani wamewasha ulinzi. True ikageuka 1, na kwa libcurl ya wakati huo, maktaba ambayo PHP huitumia kuunganisha, 1 ilimaanisha angalia tu kama cheti kina jina. Ili jina lilinganishwe na la seva ilitakiwa 2. Hivyo cheti halali cha tovuti yoyote kilipenya. Toleo la libcurl 7.28.1, Novemba 2012, ndilo lililoanza kuikataa hiyo 1.

"Kampuni kubwa hazikosei hapa." Februari 2014 Apple ilitoa iOS 7.0.6, toleo la mfumo wa simu zake, kwa haraka kwa sababu ya mstari mmoja, goto fail (ruka hadi mwisho), ulioandikwa mara mbili mfululizo. Wa pili haukuwa chini ya sharti lolote, ukaruka ukaguzi wa sahihi ya kidijitali ya seva. Cheti chenyewe kilikaguliwa. Aliyekileta hakulazimika kuthibitisha kwamba anao ufunguo wa siri wa cheti hicho.

"Cheti cha bei kinalinda zaidi." Programu isiyokagua haioni tofauti kati ya cha bure na cha dola mia.

Ndiyo maana nikiitwa kukagua mfumo, kabla ya kufungua msimbo naipa programu cheti bandia. Ikiunganisha, mengine yote yanasubiri.