Notari wa Texas si wakili: dhana tulizohama nazo na sheria tuliyoikuta

Dhana inayozaa nyingine zote ni kwamba notari ni mwanasheria. Msemaji wa Kiswahili anayehamia Houston au Dallas ana sababu ya kuamini hivyo, kwa maana Tanzania na Kenya anayegonga muhuri wa kiapo kwa kawaida ni wakili, na Kongo notaire ni ofisa wa serikali mwenye uzito wake. Texas haidai shahada ya sheria. Mwombaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18, awe mkazi wa jimbo, na awe hajatiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai au la kukosa uadilifu. Uraia nao si sharti: Texas iliwahi kuudai, hadi mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilipolifuta sharti hilo katika kesi ya Bernal dhidi ya Fainter.

Kazi ya notari ni kumtambua anayesaini, kushuhudia saini yake na kumwapisha inapobidi. Ukweli wa yaliyoandikwa si juu yake. Mtu anayempelekea tafsiri ya cheti cha kuzaliwa akitarajia "aithibitishe" anakosea mlango, kwani anayeapa kuwa tafsiri ni sahihi ni mfasiri mwenyewe. Sheria inalichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba notari asiye wakili akijitangaza kwa lugha isiyo Kiingereza, ni lazima aandike, kwa Kiingereza na kwa lugha ya tangazo, kuwa yeye si wakili na haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Tangazo la Kiswahili halina msamaha, ingawa sidhani kama wengi wetu tumewahi kuliona onyo hilo likiandikwa kwa Kiswahili.

Kuhusu dhamana ya dola 10,000 ambayo notari hutakiwa kuiweka kupitia kampuni ya dhamana, wapo wanaoiita bima ya notari. Dhamana hiyo humlinda mwananchi aliyedhurika, na kampuni iliyolipa inaweza kumgeukia notari na kumdai fedha zake. Bima ya kumkinga yeye hununuliwa kando.

Kwa upande wa mtandao, dhana iliyoenea ni kwamba mwenye muhuri anaweza kumpigia mteja simu ya video ya WhatsApp na kazi ikaisha. Virginia, jimbo la kwanza kuruhusu huduma ya notari kwa video, ilianza mwaka 2012, na Texas ikafuata tarehe 1 Julai 2018, lakini kwa masharti. Notari wa kawaida huomba upya idhini ya mtandaoni kwa Katibu wa Jimbo, akiwa na cheti cha kidijitali (kinachothibitisha saini yake ya kielektroniki) na muhuri wa kielektroniki. Kila kikao hurekodiwa kwa sauti na picha, na rekodi hutunzwa angalau miaka 5. Anayesaini anaweza kuwa nje ya jimbo, ila notari mwenyewe sharti awe ndani ya Texas saa hiyo. Aliyekwenda likizo Mombasa na kompyuta yake hawezi kufanya kazi hiyo akiwa huko.

Wengi pia hudhani kitambulisho halali kinatosha. Kama notari hamfahamu mteja binafsi, mfumo hukagua kitambulisho kisha humuuliza maswali yasiyopungua 5 yanayotokana na rekodi zilizohifadhiwa kumhusu, mathalani mtaa aliowahi kuishi, kila moja likiwa na majibu angalau 5 ya kuchagua. Ana dakika 2, na lazima apate asilimia 80. Mgeni aliyefika Marekani miezi michache iliyopita, asiye na mkopo wala anwani ya zamani, anaweza kukwama hapo hata kama pasipoti yake haina dosari yoyote. Kwake yeye, kwenda ana kwa ana ndiyo njia ya mkato.

Ada ya huduma ya mtandaoni haizidi dola 25, juu ya ada ya kawaida ya notari. Ila kama hati ni ya kumpa ndugu mamlaka ya kuuza kiwanja Morogoro au Kisumu, muhuri wa kielektroniki wa Texas hauilazimishi ofisi ya ardhi ya huko kuipokea, kwa hiyo ofisi hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla ya kulipa.