Umaskini Pekee Haumfanyi Mtu Mwizi

Hapa Kisumu, simu ikiporwa Kondele, vidole huelekezwa mitaa ya mabanda ya Nyalenda au Obunga: "Si ni wale maskini." Dhana hii ni ya miaka mingi, nayo inawaumiza wasio na hatia. Mama anayedamka alfajiri kwenda kuchuuza omena hajagusa cha mtu.

Tazama Marekani. Uchumi ulipodorora kuanzia mwisho wa 2007, wengi walitarajia wizi uzidi. Ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 Oktoba 2009, lakini uhalifu ukaendelea kupungua.

Hata tukitoka kwenye wizi tukatazama mauaji, kinachoambatana nayo zaidi kuliko umaskini ni pengo kati ya walio nacho na wasio nacho. Afrika Kusini ina kipato kikubwa kuliko Kenya kwa kila mtu, ila pengo lake ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani, na watu huuawa huko kwa kiwango kinachotuzidi mbali. Ongeza vijana waliokata tamaa, vichochoro visivyo na taa, na polisi wasioaminiwa, hata aliyeibiwa haoni haja ya kuripoti.

Halafu kuna soko. Simu huporwa kwa sababu mnunuzi yupo, awe wa Obunga au wa Milimani, mtaa wa wenye nacho.