Lita Si Kilo
Katika masoko ya Mbeya na Iringa wapo wengi wanaoamini kwamba lita moja ya kimiminika chochote ni sawa na kilo moja, na imani hiyo ina asili yake, kwani lita moja ya maji safi hukaribia mno kilo moja, na maziwa huzidi kidogo tu. Lita, hata hivyo, hupima nafasi, yaani sentimita za ujazo 1,000, bila kujali kilichomo. Dumu la lita 20 likijaa mafuta ya alizeti hubeba takriban kilo 18.4, ilhali likijaa asali hukaribia kilo 28, jambo ambalo mchukuzi hulijua bila mizani. Anayenunua asali kwa kilo, kisha akaiuza kwa lita kwa bei ileile, hujipunja mwenyewe.